Ipe akili unde kazi unayoweza kuikagua

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja: akili unde inayoandika programu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu alipokwama mwandishi wake nami nilikwama papo hapo mwaka jana, na ilinigharimu.

Dada, salamu kutoka Nairobi. Nina miaka kumi na mitatu katika kuandika programu, sita kati yake kwenye kampuni hii ya programu za uhasibu. Tangu Januari bosi ametulipia zana za akili unde na anataka kila mtu azitumie. Vijana wanafunga kazi tano kwa siku. Mimi nimejaribu miezi miwili. Nikiwa nazo nahisi napaa, lakini Ijumaa nikihesabu nilichomaliza naona ni kilekile, pengine pungufu. Nimezeeka, au nazitumia vibaya?
*Mhandisi, Nairobi*

Ndugu yangu, hujazeeka. Jambo hilo limewahi kupimwa kwa saa. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR, ya Marekani, iliwachukua waandishi wa programu 16 wazoefu na kuwapa kazi 246 kwenye miradi waliyoifahamu kwa miaka. Kazi nyingine waliruhusiwa kutumia akili unde, nyingine walikatazwa, na mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu. Kabla ya kuanza walitabiri kwamba zana zingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza walisema zimewapunguzia asilimia 20. Saa ilionyesha vingine: walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Zana zimebadilika tangu wakati huo, na sidai kwamba hesabu hiyo ndiyo yako au yangu. Kinachonishughulisha ni umbali kati ya walivyohisi na ilivyokuwa. Hawa ni watu wanaoijua kazi yao, na bado hawakuweza kutambua kwa hisia kwamba wamechelewa. Kwa hiyo usijihukumu kwa hisia, wala bosi wako asiwapime kwa hisia. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa uliyoanza kila kazi na saa ilipokubaliwa na mkaguzi. Usiandike saa msimbo, yaani maandishi ya programu, ulipotokea kwenye skrini, maana hapo kazi haijaisha.

Nilipofanya hivyo niliona kwamba muda wangu haukuliwa na kuandika. Uliliwa na kusoma msimbo ambao sikuuandika mimi, kutilia shaka mstari mmoja mmoja, kurudisha maagizo, kungoja, kusoma tena. Katika mradi ninaoujua kama nyumba yetu, mara nyingi ingekuwa haraka kuandika mwenyewe. Pale ambapo zana ilinifaa kweli palikuwa na sura moja: kosa lake niliweza kuliona upesi. Tangu hapo, kabla sijaipa kazi yoyote najiuliza nitajuaje kwamba imekosea, na kujua kutanichukua muda gani.

Mfano mdogo. Niliihitaji kanuni ya kutambua nambari za simu za Kenya, ziwe zimeandikwa kwa 07, kwa 254 au kwa alama ya kujumlisha mbele. Kuziandika kanuni za aina hiyo sijawahi kupenda. Niliiagiza, ikanipa kwa sekunde chache, nami nikaijaribu kwa nambari nane nilizoziandika kwenye karatasi kabla. Ilikubali za 07 na kuzikataa za 01. Nambari za 01 tunazo tangu 2019, na ya mdogo wangu inaanza na 011, kwa hiyo nilishika kosa kabla chai haijapoa. Nilirekebisha nikaendelea. Hiyo ni kazi ya kuipa zana.

Mfano mwingine, mkubwa kidogo. Nilirithi mfumo wa lugha ya PHP wa mwaka 2011, faili moja ya mistari elfu nne, bila maelezo hata mstari. Nilitaka kujua ni wapi salio la mteja hubadilishwa. Zana ilinitajia sehemu saba. Nikazifungua zote saba: moja ilikuwa inasoma salio tu, haiandiki. Kisha nikatafuta mwenyewe kwa jina la safu kwenye hifadhidata, nikapata ya nane ambayo haikutajwa. Hata hivyo, kazi ambayo ingenila siku mbili ilinichukua asubuhi moja, na kwa kuwa nilikagua, najua kilicho kweli na kisicho kweli.

Sasa nikusimulie iliponitia hasara.

Nina mteja wa biashara ya jumla hapa Mombasa ambaye mfumo wake wa ankara nimeutunza tangu 2014. Ndani yake palikuwa na kipande kisichopendeza kukitazama: kama tarehe ya ankara iko kati ya 1 Aprili na 31 Desemba 2020, kodi ni asilimia 14, vinginevyo ni 16. Pembeni sikuwa nimeandika maelezo yoyote. Wakati ule niliona hakuna haja, kwa sababu kila mwenye duka alijua. Korona ilipoingia serikali iliishusha VAT kutoka 16 hadi 14, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021.

Mwaka jana niliiagiza zana inisafishie faili ile. Kwa macho ilifanya kazi ya kupendeza. Mistari mia tisa ikawa mia tano na kitu, majina yakanyooka, marudio yakaondoka. Sharti la 2020 nalo likaondoka, na juu ya faili ikabaki nambari moja tu: 0.16. Katika muhtasari wake iliandika kwamba imeondoa masharti yasiyotumika tena. Kwa ankara za mwaka jana ni kweli hayatumiki. Majaribio, yaani programu ndogo zinazoupima msimbo, yote yalipita, kwa kuwa hapakuwa na jaribio hata moja lenye tarehe ya 2020. Ilikuwa saa tano usiku, nimechoka, nikaona rangi ya kijani kila mahali, nikapitisha.

Wiki tatu baadaye mhasibu wa mteja alitaka kuchapa upya ankara za zamani. Bidhaa ya shilingi 100,000 ambayo karatasi yake ina kodi ya 14,000 sasa ilitoka na 16,000. Ankara baada ya ankara. Alinipigia simu akiwa na makabrasha mawili mezani, na sauti yake naisikia hadi leo. Niliomba radhi, nikarudisha msimbo wa zamani siku hiyohiyo, nikakaa naye kulinganisha karatasi moja moja hadi jioni ya siku ya pili.

Kosa lile ni langu, silitupii chombo. Tena ukiiuliza zana kuhusu VAT ya Kenya mwaka 2020 inaweza kukujibu sawasawa, habari zenyewe ziko wazi. Lakini ilipokuwa ikisafisha faili haikuwa na sababu ya kujiuliza. Aliyekuwa na sababu ni mimi. Mimi ndiye niliyepokea simu za wateja usiku wa kuamkia 1 Aprili, mimi ndiye niliyeandika sharti lile kwa haraka. Uzoefu ambao unadhani umekuzeesha ndio huo, na ndio uliotakiwa kukaa macho usiku ule.

Nilipoanza kazi hii mwaka 2006, kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya stoo kwa duka la kanga pale Biashara Street. Nilipewa karatasi ya maelezo yenye ukurasa mmoja. Nilikaa dukani siku tatu kabla ya kuandika chochote, nikaona kwamba rejareja wanauza kwa doti, jumla wanahesabu kwa korija, na mzee mwenye duka alikuwa na desturi ya kumwongezea doti moja mteja wa miaka mingi bila kuiandika popote. Ile doti moja ndiyo iliyokuwa ikiharibu hesabu ya stoo kila mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi haikuwapo. Chombo kinachosoma karatasi peke yake, hata kiwe hodari namna gani, kisingeiona, na hata mimi nisingeiona kama nisingekaa pale kwenye benchi.

Kwa msimbo wa zamani sasa nafuata mpango huu. Kwanza naiagiza zana inieleze kila sharti linafanya nini, bila kugusa kitu, nami naandika pembeni sababu ya kila sharti lililo geni. Nisipoijua sababu nampigia simu anayeijua, au nafungua historia ya Git, daftari linalotunza kila badiliko la msimbo, nione liliingia siku gani na nani aliliingiza. Kisha naandika majaribio yanayoshikilia tabia ya sasa jinsi ilivyo, pamoja na tarehe zake za ajabu. Hapo ndipo ninaporuhusu usafi, sehemu moja kwa wakati, na kila sehemu naisoma mchana. Sababu ulizoandika zina faida ya pili: zana nayo huzisoma, na ikiona pameandikwa kwamba sharti hili ni la VAT ya 2020, mara nyingi huliacha mahali pake.

Na hao vijana wa kazi tano kwa siku, usiwaonee wivu wala usiwadharau. Mwombe bosi, kwa heshima, ahesabu pia kazi ngapi zimefunguliwa tena ndani ya mwezi mmoja. Akikataa, hesabu mwenyewe zile ulizozikagua.

Dada, tunauza tiketi za mabasi mtandaoni na malipo ni ya M-Pesa. Sehemu ya malipo iliandikwa na akili unde, na majaribio iliandika yenyewe. Yote arobaini na moja yalipita. Baada ya kuanza kuuza, tukakuta abiria kadhaa wamepewa tiketi mbili kwa malipo mamoja, na wengine wamelipa bila kupata tiketi. Majaribio yalipitaje?
*Mtunza mfumo, Kisumu*

Yalipita kwa sababu aliyeandika swali ndiye aliyeandika jibu. Kama msimbo ulidhani kwamba ujumbe wa malipo huja mara moja tu na haukosi kufika, majaribio nayo yalidhani hivyo hivyo. Majaribio mia nne yenye dhana hiyo yasingekuonyesha chochote.

Twende kwenye Daraja yenyewe, mlango ambao programu hupitia kuifikia M-Pesa. Unapotuma ombi ili mteja atokewe na kidirisha cha kuweka PIN kwenye simu yake, unajibiwa papo hapo, na jibu hilo linabeba CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi lako. Maana yake ni kwamba ombi limepokewa, basi. Mteja hajalipa. Nimeona misimbo kadhaa iliyoandikwa na zana, na mingine iliyoandikwa na watu, inayotoa bidhaa hapo hapo. Matokeo halisi hufika baadaye kwenye anwani uliyoitaja, yakiwa na ResultCode, nambari ya matokeo: 0 ni amelipa, 1032 ni mteja ameghairi, na nyingine unazijua. Akilipa, ndani yake mna nambari ya risiti ya M-Pesa.

Ujumbe wowote unaosafiri mtandaoni unaweza kufika mara mbili, kufika umechelewa, au usifike kabisa kwa sababu seva yako ilikuwa imelala dakika hiyo. Kwa hiyo kwenye jedwali la malipo, nambari ya risiti iwe ya kipekee kwa amri ya hifadhidata yenyewe. Usitegemee sharti ndani ya programu, maana jumbe mbili zikifika kwa sekunde moja zote zitaulizwa "risiti hii ipo?" na zote zitajibiwa "haipo". Kurekodi malipo na kutoa tiketi viwe tendo moja: vyote vifaulu au vyote virudi nyuma. Na kwa ombi lililokaa dakika kadhaa bila matokeo, programu yako iulize hali ya malipo yenyewe. Njia ya kuuliza ipo kwenye Daraja. Hao waliolipa wakakosa tiketi watapatikana kwa njia hiyo.

Kuhusu majaribio, orodha ya mabaya iandike wewe, kwa mkono, kabla ya kufungua zana. Ujumbe mmoja mara mbili. Jumbe mbili kwa pamoja. Ujumbe usiofika. Kiasi kisicholingana na bei. Mteja aliyeghairi kisha akalipa kwa ombi la pili. Abiria aliyelipa saa sita na dakika moja usiku wakati seva yako inahesabu tarehe kwa saa za Greenwich, ambako bado ni saa tatu na dakika moja usiku, tarehe ya jana. Hapo sasa ipe zana orodha ikuandikie majaribio yenyewe, na itakuandikia haraka kuliko mimi na wewe. Kila moja ulione likianguka kwanza kwenye msimbo wa zamani ndipo uurekebishe. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka hujui linapima nini.

Kabla ya yote hayo, watafuteni abiria waliolipa bila kusafiri muwarudishie pesa zao. Hilo lisingoje msimbo.

Kuna hitilafu inatokea kwa wateja fulani tu. Naweza kuipa zana nakala ya hifadhidata nzima ili itafute yenyewe?
*Msomaji, Eldoret*

Hapana. Majina, nambari za simu na malipo ya watu si mali yako ya kugawa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo, mtu aliyekupa nambari yake ili anunue dawa au bima hakukuruhusu uipeleke kwingine. Tengeneza wateja kumi wa kubuni wenye umbo lilelile: jina refu, jina lenye alama ya ng' kama Nyang'au, asiye na barua pepe, mwenye akaunti mbili. Hitilafu za aina yako nyingi hutokea kwa umbo la data, na utazipata hapohapo bila kumuuza mtu.

Chunga pia funguo za siri. Zana hizi huweza kusoma folda nzima, na faili ya mipangilio yenye nywila imo humo. Ikiwa umeshaipitisha, badilisha funguo leo.

Shikamoo dada. Naongoza timu ya watu watano. Kijana mmoja alileta mabadiliko ya mistari 2,300 kwa siku moja, yote ya akili unde. Nilimuuliza kwa nini amechagua njia ile, akasema "ndivyo ilivyoandika". Ndani yake kuna maktaba ambayo sijawahi kuisikia. Sitaki kumvunja moyo, ni mtu wa bidii. Nifanye nini?
*Kiongozi wa timu, Arusha*

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi kwamba umeanza kwa kumjali kijana.

Anza na maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yako huuazima, maana hiyo ina hatari ya haraka. Zana hizi hubuni majina ya maktaba zisizokuwapo. Utafiti uliotoka 2025 ulikagua vipande vya msimbo 576,000 kutoka miundo 16 ya akili unde, na karibu maktaba moja katika kila tano iliyotajwa haikuwapo duniani. Wabaya wanalijua hilo. Mtu anaweza kulisajili jina lililobuniwa, akaweka ndani yake programu ya kuiba, akangoja atakayeliingiza bila kuuliza. Kwa hiyo kuona kwamba maktaba imepatikana na kusakinishika hakukuhakikishii kitu. Angalia ilisajiliwa lini, nani anaitunza, msimbo wake uko wapi, na nani mwingine anaitumia. Isipoeleweka, iondoke.

Ile mistari 2,300 usiikague. Nasema hivi kwa moyo mzito kwa sababu najua ameitolea jasho, lakini hakuna binadamu anayesoma mistari 2,300 kwa makini. Baada ya mia nne macho yanateleza tu, kama yangu usiku ule wa ankara. Irudishe, na umwambie sababu ana kwa ana, si kwa maandishi mbele ya wenzake. Mwambie ailete tena vipande vipande, kila kimoja kikiwa na jambo moja, na kila kimoja awe tayari kukieleza bila kusoma skrini. Kutumia zana anaruhusiwa. Jibu la "ndivyo ilivyoandika" haliruhusiwi tena, kwake wala kwako wala kwangu, maana mfumo ukianguka saa nane usiku atakayeamshwa ni mtu, na jina lililo kwenye mabadiliko ni la mtu.

Kisha mpe muda wako. Alasiri moja kwa wiki kaeni mezani na kipande kidogo, mistari hamsini, mkiandike bila zana. Mimi nilifundishwa hivyo na fundi mmoja aliyenizidi miaka kumi, aliyekuwa akiniacha nikwame robo saa nzima kabla ya kunyoosha kidole kwenye mstari wenye kosa. Nilikuwa nikikasirika. Robo saa zile ndizo zilizonifunza kusoma msimbo wa mtu mwingine, na kusoma msimbo usio wako ndiyo kazi kubwa iliyobaki kwetu sasa. Kijana wako akiikosa sasa ataipata wapi?

Lakini mkutano huo uwe wiki ijayo. Ile maktaba ishughulikie leo, na kama imeshasakinishwa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, badilisheni nywila zilizokuwa kwenye kompyuta hiyo.